Kabetri ka Rimoti Si Peremende: Mtoi Akimeza, Una Masaa Mawili Tu

Cheki hii picha. Uko kwa keja Naro Moru, baridi ya mlima imeingia hadi kwa mifupa, umeachiwa mtoi wa sistako. Rimoti inaanguka, kifuniko kinatoka, kale kabetri ka mviringo hakaonekani. Baada ya muda mtoi anatiririka mate, anakohoa, anakataa uji. Utasema nini? "Ni homa tu, si unaona hii baridi?"

Hapo ndipo watu huchomeka.

Kabetri haka ni noma kuliko kanavyokaa. Ile mbaya zaidi imeandikwa CR2032: 20 ni upana wake kwa milimita, na 3.2 ni unene. Ina volti 3. Sarafu ingepita au ikwame tu, lakini betri ikikwama kwa umio, mate yanafunga sakiti na umeme unaanza kupita kwa nyama ya koo. Umeme huo unatengeneza kemikali kali, familia moja na ile ya kuzibua sinki. Ndani ya masaa mawili koo inaweza kuwa imeungua vibaya. Ikiendelea, inatoboa hadi kwa mshipa mkubwa wa damu.

Na usidanganyike ati betri imekufa. Imekufa kwa rimoti, lakini moto wa kuchoma koo bado iko nao.

Texas, Marekani, mtoi wa miezi 18 anaitwa Reese Hamsmith alimeza betri ya rimoti mwaka wa 2020. Mwanzoni madaktari walidhani ni ugonjwa wa kawaida wa kikohozi. Betri ilitolewa, lakini uharibifu ulikuwa umeshafanyika, na Desemba hiyo akaaga. Mwaka wa 2022 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake: mahali pa betri lazima pawe pagumu kwa mtoi kufungua. Sasa geuza hako katoi ka taa ulikonunua barabarani kwa bei ya kutupa. Kana skrubu?

Ukishuku amemeza, usingoje aanze kulia. Fanya hivi:

Kwanza, toka sahi. Usipitie kwa duka la dawa. Nenda hospitali iliyo na eksrei, na upige simu mbele uulize kama mashine inafanya kazi. Nanyuki ni kama kilomita 20 na kitu, Nyeri mjini ni kama mara mbili ya hiyo. Ukihesabu kungoja mat ijae, masaa mawili yameisha. Tafuta gari.

Pili, kama amepitisha mwaka mmoja, anaweza kumeza, na haijapita masaa 12, mpe asali mkiwa njiani: vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita. Asali inafunika betri na kupunguza kuungua. Haiponyi, inanunua muda tu. Mtoi chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa.

Tatu, usimtapishe. Usimpe maziwa, uji wala ndizi "kuisukuma".

Nne, ukifika sema wazi: "Nashuku amemeza betri." Usiseme tu anakohoa. Kwa eksrei betri hukaa kama sarafu, ila ukingo wake una duara mbili. Kama una betri ya aina hiyo ama paketi yake, beba.

Imeingia puani au sikioni? Ni hospitali pia, na usiweke matone yoyote.

Hata ikishatolewa, damu inaweza kutoka wiki kadhaa baadaye. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi, rudi mbio.

Leo jioni, kabla ulale, pitia nyumba: rimoti, ufunguo wa gari, mizani ndogo, viatu vya watoi vya kuwaka, kadi za kuimba. Kifuniko kimelegea? Kaza na tepu. Betri za zamani zifunge tepu pande zote mbili, utupe mbali na mikono midogo. Alafu tumia shosh stori hii, juu yeye ndiye hushinda na mtoi.