Kubadili Jina la Faili Si Kubadili Faili

Darasa letu lilinipa kazi moja: makoti meupe yawe yameshadariziwa nembo mfukoni kabla hatujaanza kuingia wodini. Hela tulishachanga, fundi tulishampata hapahapa Ifakara mjini, na mchoro ulishatumwa kwa WhatsApp kutoka Dar es Salaam. Nikaona kazi imeisha. Kumbe ndo kwanza inaanza.

Mchoro ulikuwa faili la DST. Mashine ya fundi ni Janome ya siku nyingi, inataka JEF. Mimi mjuaji nikafuta herufi tatu za mwisho wa jina la faili, nikaandika jef. Mashine ikagoma. Fundi akacheka: "Dokta, hata ukimvalisha mbuzi koti, hawezi kutibu mtu."

Alikuwa sahihi. Zile herufi ni kibandiko cha nje tu. Na faili la darizi si picha. Ni orodha ya maelekezo: sindano isogee hapa, ichome, iruke, isimame ili uzi ubadilishwe. Kila kampuni iliyaandika kwa lugha yake: DST ni ya Tajima, PES ni ya Brother, JEF ni ya Janome. Kwenye DST kila hatua huandikwa kwa baiti 3, kipimo ni sehemu ya kumi ya milimita, na hatua moja haizidi milimita 12.1. Kwa hiyo kugeuza faili ni kutafsiri orodha nzima, hatua kwa hatua.

Nilitumia Ink/Stitch, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya Inkscape. Unafungua DST, unahifadhi nakala kama JEF, unatia kwenye flashi. Basi. Safari hii mashine ikasoma.

Ila mtafsiri hawezi kuleta kisichokuwemo. DST haibebi rangi. Inasema tu "simama, badili uzi". Programu ikajipangia rangi zake, na nyoka wa nembo yetu akatokea wa pinki kwenye kioo. Hilo halikunitisha, maana anayeweka uzi ni fundi. Dawa yake ni kumwomba mchoraji orodha ya rangi kwa mfuatano.

Balaa lilikuwa kwenye saizi. Mchoro ulikuwa wa mgongoni, upana sentimita 12. Mfuko wetu unataka 6. Nikaubana hadi nusu. Sasa fikiria: upana nusu, urefu nusu, eneo linabaki robo, lakini idadi ya michomo ni ileile. Mistari ya uzi iliyoachana milimita 0.4 ikaachana 0.2. Nyuzi zikarundikana, kitambaa kikajikunja, sindano ikakatika. Koti lenyewe la rafiki yangu! Nililinunua jipya kwa hela yangu ya kula.

Nilipompigia mchoraji, alishangaa. "Mdogo wangu, si ungesema tu?" Yeye alikuwa na faili la kazi, la EMB kutoka programu ya Wilcom. Faili la namna hiyo linatunza maumbo yenyewe, siyo michomo tu, hivyo ukipunguza saizi programu inahesabu michomo upya. Alilipunguza, akatoa JEF mwenyewe, akatuma jioni ileile.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu utakayepewa kazi hii mwakani, kabla hujalipa muulize fundi mambo mawili: mashine yake inasoma faili gani, na fremu yake ina ukubwa gani. Mpelekee mchoraji majibu hayo pamoja na saizi kamili ya nembo. Ukishapata faili, jaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kinachofanana na koti. Na hakikisha kwenye makubaliano kwamba faili la kazi nalo mnapewa, kwa sababu mmelilipia.

La kwetu lipo kwa kiongozi wa darasa. Njooni mlichukue.