Farasi Wepesi na Mizinga Mizito

Kama adui anakupita kwa wingi wa watu na kwa mizinga, utafanya nini? Wamaratha, watu wa milima ya magharibi ya India, walipata jibu la ulizo hilo. Kiisha walilisahau, na likawagharimu sana. Vijana, fuateni vizuri.

Aliyewafundisha ni Shivaji, aliyetawazwa kuwa mufalme mwaka 1674 kule Raigad. Inchi yake ilikuwa ya mawe na mabonde, mu milima ya Sahyadri. Askari wake walibeba chakula kidogo tu, walipiga adui mu njia nyembamba, kiisha wakapotea mu milima. Kwa lugha yao vita vya namna hii vinaitwa ganimi kava. Sisi tunasema vita vya kuvizia, ao gerila.

Mwaka 1727 Nizam-ul-Mulk, mutawala wa Hyderabad, alianza vita na Wamaratha, na jeshi lake likafika hata Pune. Waziri mukuu wa Wamaratha, Bajirao, alikuwa kijana wa miaka 27. Je, alikimbia kwenda kuokoa muji? Hapana. Alikwenda na wapanda-farasi wepesi, akapiga inchi ya Nizam mwenyewe: Jalna, kiisha Khandesh, kiisha akaelekea Gujarat. Nizam akalazimishwa kuacha Pune na kumufuata. Juu ya kwenda mbio, akaacha nyuma mizinga yake mizito, ile iliyokuwa nguvu yake.

Mwisho wa mwezi wa pili 1728, kule Palkhed, Wamaratha wakamuzunguka. Wakafunga njia za chakula na za maji. Hapakuwa mapigano makubwa ya panga. Ni kiu na njaa ndivyo vilivyomushinda. Tarehe 6 mwezi wa tatu Nizam akakubali mapatano ya Mungi-Shevgaon, na Wamaratha wakapata haki ya kukusanya robo ya kodi mu inchi zile.

Sasa angalieni Panipat, kaskazini ya Delhi. Mwaka 1760 Wamaratha walikuwa wamekuwa taifa kubwa. Jemadari wao Sadashivrao Bhau alikwenda kupigana na Ahmad Shah Durrani, mufalme wa Waafghani. Safari hii walikokota mizinga mizito, na nyuma ya jeshi walifuata wanawake, watoto na watu wa kuhiji, maelfu na maelfu. Malharrao Holkar, muzee wa vita, alishauri waache mizigo na wapigane namna ya zamani. Hawakumusikia.

Mizinga haikimbie, na mama mwenye mutoto mugongoni hawezi kufuata farasi. Tena Panipat ni uwanda. Hakuna mulima wa kujificha. Durrani akafunga njia ya chakula, sawa vile Bajirao alivyomufanyia Nizam. Kambi ikakaa na njaa miezi kama miwili. Tarehe 14 mwezi wa kwanza 1761 wakatoka kupigana wakiwa na tumbo tupu. Kabla jua kushuka, Bhau alikuwa amekufa, na Vishwasrao pia, mutoto wa waziri mukuu. Makumi ya maelfu waliuawa, na wanawake na watoto mingi wakachukuliwa utumwani.

Basi, nguvu ya Palkhed haikuwa ujanja tu. Ilikuwa kujua kitu gani cha kuacha nyumbani. Walipotaka kupigana sawa wakubwa, Wamaratha waliacha kile kilichowafanya wakubwa.

Lakini, vijana, musisifu vita hivi haraka. Farasi wale wepesi walikula nini? Walikula mavuno ya wanakijiji. Watu wa Jalna hawakuwa na mizinga wala farasi, na mali yao ndiyo iliyoporwa ili Nizam avutwe. Mutu akikuhadizia ushindi wa Palkhed, muulize pia habari ya Jalna.