Huruma ya Daktari Nayo Hufundishwa

Ndugu, je, umepata kulala kitandani, daktari akatazama kidonda chako asiutazame uso wako? Dawa ulipata, lakini ulibaki na hofu yako. Tena mgonjwa mwenye hofu huficha mambo, na jambo lililofichwa huenda ndilo lenye kuonyesha ugonjwa.

Wengine husema huruma ni ya kuzaliwa nayo, haifundishwi. Arnold Gold, daktari wa watoto katika mji wa New York, Marekani, hakukubali. Aliona wanafunzi wakiapa kiapo cha udaktari siku ya kumaliza masomo, akaona ya kuwa wamechelewa, maana tabia zao zimekwisha kukomaa. Mwaka 1988 yeye na mkewe Sandra, pamoja na wenzao, walianzisha shirika la kusaidia mafundisho ya utu katika shule za udaktari. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Columbia, wanafunzi wapya walivikwa koti jeupe na kuapa mwanzoni mwa masomo. Shule nyingi zikafuata.

Lakini koti haliwezi kuleta huruma. Mwanafunzi humtazama mkubwa wake. Akimwona anaketi karibu na mgonjwa, anamwita kwa jina na kungoja jibu lake, naye atafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo shirika hilo huwapa heshima walimu wenye huruma pia.

Nawe mgonjwa, u mwalimu wao. Usiwaonyeshe kidonda tu. Waambie na hofu yako.