Kidonge cha Hamu: Tumbili Walituambia Nini?

Leo tuongee lile jambo ambalo watu hulizungumza kwa kunong'ona saluni au baa, lakini nyumbani halitajwi kabisa. Hamu ya tendo la ndoa imekwisha, na aliyeishiwa ni mama. Mapenzi yapo, kodi mnalipa pamoja, jioni mnacheka mkiangalia tivii, ila taa zikizimwa kila mtu na ukuta wake. Baba anaanza kujiuliza kama kuna mtu pembeni. Mama anajiuliza kama ni mgonjwa. Ndipo mmoja wao anaingia kwenye intaneti na kukutana na kidonge cha rangi ya waridi, eti "Viagra ya wanawake".

Kabla hujatoa kadi ya benki, ngoja nikusimulie kilikotoka. Jina lake la kitaalamu ni flibanserin, na dukani Marekani kinaitwa Addyi. Tuanze na hilo la Viagra, kwa sababu ni uongo mtupu. Viagra inashughulika na mishipa ya damu, huko chini. Flibanserin inashughulika na ubongo, kwenye kemikali inayoitwa serotonini, ambayo inahusika na usingizi, njaa, furaha, wasiwasi na, ndiyo, hamu.

Serotonini ichukulie kama ufunguo mmoja wenye vitasa vingi. Vitasa hivyo ndivyo wataalamu wanaita vipokezi, na viko zaidi ya aina kumi. Ufunguo ni uleule, ila kitasa hiki kikifunguka mtu anatulia, kile kikifunguka anakosa usingizi. Kwa hiyo dawa inayogusa kitasa kimoja tu inaweza kumbadilisha kiumbe kwa namna ambayo hata aliyeitengeneza hakuitegemea.

Panya dume, panya jike

Mwaka 1981 watafiti wa Sweden waliwapa panya madume kemikali mpya, 8-OH-DPAT, ambayo inafungua kitasa kinachoitwa 5-HT1A. Matokeo yake yangewachekesha wengi kijiweni. Madume walimaliza haraka mno, dume anapanda mara chache tu na shughuli imekwisha. Kemikali hiyohiyo ilipojaribiwa kwa panya majike, mambo yakageuka. Jike aliyekuwa tayari, ambaye kwa kawaida hupinda mgongo kumkaribisha dume, akawa hapindi tena. Yaani dawa moja, kitasa kimoja, huyu anakimbizwa na yule anafungiwa breki. Ukisikia mtu anakuuzia "dawa ya nguvu kwa wote, baba na mama", mkumbuke panya huyu.

Flibanserin nayo inafungua kitasa hicho cha 5-HT1A, ila wakati huohuo inaziba kingine, 5-HT2A. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa panya majike dozi moja haikufua dafu. Ilibidi wapewe kila siku kwa wiki kadhaa ndipo wakaanza kuwachokoza madume zaidi. Hiyo ni dalili kwamba dawa haiwashi moto papo hapo, inabadilisha ubongo taratibu.

Wanandoa wa manyoya

Sasa tuje kwa wale ninaowapenda zaidi katika habari hii yote, tumbili wadogo wa Brazil wanaoitwa mamoseti. Mtu mzima hafikii hata nusu kilo. Wengi wao huishi kwa familia, jike na dume wake, na jike akijifungua, kwa kawaida mapacha, baba huwabeba mgongoni. (Akina dada, najua mnachowaza. Tuendelee.) Panya hana mume, ana mpita njia. Mamoseti ana mwenza, na ndiyo sababu anafaa kuulizwa swali ambalo panya hawezi kulijibu: dawa hii inaufanya nini uhusiano?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifanyika kwa jozi za mamoseti. Dawa alipewa jike peke yake, kisha watafiti wakaangalia tabia za wote wawili. Jike alipopewa 8-OH-DPAT, alimkataa dume zaidi na ugomvi ukaongezeka. Alipopewa flibanserin, kilichoongezeka ni kuchambuana manyoya. Si kupandana usiku na mchana kama kichwa cha habari cha gazeti kingependa. Ni kule kukaa karibu, mmoja anamchambua mwenzake taratibu, kitu ambacho kwa tumbili ni sawa na wewe kulaza kichwa mapajani mwa mtu wako akikufumua nywele.

Mimi hapo ndipo niliposimama na kusoma mara mbili. Anayemeza ni mmoja, lakini mabadiliko yanapimwa kwa wawili, hata dume ambaye hajagusa dawa. Hata hivyo tusijidanganye. Tumbili wale walikuwa wachache, na mamoseti hana bosi anayempigia simu saa tatu usiku, hana mkopo, hana mawifi. Hakuna aliyemuuliza kama anajisikia vizuri. Walihesabu tu alichofanya.

Na binadamu je?

Kampuni ya Ujerumani, Boehringer Ingelheim, ilianza na flibanserin kama dawa ya sonona. Kwa sonona ilishindwa, ila baadhi ya wanawake kwenye majaribio walisema hamu imerudi kidogo, basi kampuni ikageuza gari. Mwaka 2010 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaikataa. Mwenye dawa akawa kampuni ya Sprout, ikakataliwa tena 2013. Hatimaye, Agosti 2015, ikakubaliwa kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi, na hazikupita siku mbili kampuni ikatangaziwa mnunuzi kwa takriban dola bilioni 1.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2016 watafiti walijumlisha majaribio 8 yenye wanawake 5,914. Faida iliyopatikana kuliko kidonge bandia ilikuwa wastani wa nusu ya tendo moja la kuridhisha kwa mwezi. Umesoma sawasawa, nusu. Wapo waliopata zaidi, kwao si kitu kidogo, na mimi siwabezi. Lakini inamezwa kila usiku, na wengi zaidi walipata kizunguzungu, usingizi, uchovu na kichefuchefu.

Halafu kuna pombe. Flibanserin na pombe vikikutana presha inaweza kushuka mpaka mtu akazimia. Jaribio lililopima hatari hiyo lilikuwa na watu 25, na kati yao wanaume walikuwa 23. Dawa ya wanawake, jamani! Tangu 2019 ushauri wa FDA ni kwamba ukinywa kinywaji kimoja au viwili, subiri angalau saa mbili ndipo umeze wakati wa kulala. Ukinywa zaidi ya hapo, acha dozi ya usiku huo.

Mimi ningeanzia kwingine kabisa, kwenye kabati la dawa. Dawa nyingi za sonona na wasiwasi, kama fluoxetine na paroxetine, zinaongeza serotonini bila kuchagua kitasa, na wengi wanaozitumia, wanawake kwa wanaume, hamu hupungua au hawafiki kileleni. (Madaktari huitumia tabia hiyohiyo kuwasaidia wanaume wanaomaliza mapema.) Kama hamu ilianza kuondoka wiki chache baada ya kuanza dawa, mwambie mwenzio, maana huenda yeye tayari ameshaamua kuwa humpendi. Kisha rudini kwa daktari, mkiweza wote wawili. Usiiache ghafla kwa sababu ya kitanda, sonona inaweza kurudi na mwili ukasumbuka. Muulize kuhusu kupunguza dozi au kubadilisha dawa, ipo kwa mfano bupropion ambayo kwa kawaida haiugusi sana upande huo. Mwambie pia vidonge vya uzazi wa mpango unavyotumia, umejifungua lini, na unalala saa ngapi.