Chumvi Isiyoonekana Katika Damu

Ni nyumba chache siku hizi zisizokuwa na mzee aliyekatazwa chumvi na tabibu. Na jawabu la wazee wetu twalijua: "Mbona damu yangu imepimwa, na chumvi yake ikaonekana ni ya kadiri?" Jawabu hili si la ujinga. Kwa miaka mingi hata matabibu walidhani kuwa chumvi iliyozidi huyeyuka katika maji ya mwili kisha ikatolewa na figo, wala hapakuwa na njia nyepesi ya kuitazama katika nyama na ngozi ya mtu aliye hai. Leo njia hiyo ipo, nayo ndiyo tutakayo kuieleza.

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuisikia mashine ya MRI. Hiyo si eksirei wala haina miale yake. Ni sumaku kubwa mno ambamo mgonjwa hulazwa, yakapelekwa mawimbi ya redio, na viini vya haidrojeni vilivyo katika maji ya mwili vikaitika. Kwa mwitiko huo hupatikana picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2003.

Ama chumvi tulayo, karibu sehemu 40 katika 100 za uzito wake ni sodiamu, nayo sodiamu pia huitika ikiitwa na sumaku. Lakini huitwa kwa mawimbi yake yenyewe, ambayo kasi yake ni kama robo ya yale ya haidrojeni, na sauti yake ni dhaifu maelfu ya mara. Daktari Sadek Hilal na wenziwe wa Columbia University, New York, walikuwa miongoni mwa waliotangulia kupata picha hizo katika miaka ya 1980. Hata leo hutoka na ukungu zikilinganishwa na picha za kawaida.

Kwa nini basi watu wahangaike nazo? Kwa sababu Mwenyezi Mungu ameijaalia kila seli ya mwili kuwa kama chombo baharini: nje sodiamu ni nyingi, ndani ni kidogo, yapata sehemu moja kwa kumi. Sodiamu haiachi kuvuja ikaingia, na seli haiachi kuitoa, mfano wa baharia afuaye maji ya ngama usiku na mchana. Pampu hiyo iligunduliwa na Jens Skou wa Denmark, aliyeieleza mwaka 1957. Mtu akipatwa na kiharusi, damu hukatika, seli hukosa nguvu ya kufua, na sodiamu hujaa. Picha ya sodiamu huonyesha kujaa huko, na wataalamu wataraji itawasaidia kutambua sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa. Hutumika pia kuchunguza gegedu la magoti, ambalo hupoteza sodiamu lianzapo kuharibika.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni habari ya Erlangen, Ujerumani. Huko Jens Titze na wenziwe waliwapiga watu picha za shavu la mguu, na mwaka 2013 wakatangaza kuwa sodiamu hujikusanya katika ngozi na misuli, na kwamba huongezeka kwa kadiri umri unavyokwenda. Wagonjwa ambao shinikizo lao la damu halikushikwa na dawa walikuwa nayo nyingi kuliko wenye afya. Mwaka 2015 ikaonekana kuwa kwa wagonjwa wa figo, kusafishwa damu huipunguza sodiamu hiyo iliyojificha. Basi damu pekee haitoi ushahidi wote.

Mashine hii bado ni ya watafiti zaidi kuliko ya wagonjwa, wala asihangaike mtu kuitafuta. Presha hupimwa kwa kipimo cha mkononi. Jikoni ndipo penye kazi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Humo mna chumvi ya mkate, ya papa mkavu, na ya vile vidonge vya mchuzi tuvitiavyo bila ya kuhesabu. Ama zile chumvi za badala ziuzwazo madukani, nyingi zimetiwa potasiamu, na figo dhaifu haiwezi kuitoa. Mwenye maradhi ya figo asizionje mpaka amwulize tabibu wake.