Barua Isiyofika: Utangulizi wa Sheria ya Mafao ya Ugonjwa

Somo la hifadhi ya jamii halina mvuto wa haraka. Wanafunzi wangu wengi huingia darasani kwa sababu ratiba imewapeleka, na wakishakutana na vikokotoo, viwango vya michango na vipindi vya kungojea, macho yao huhamia dirishani. Nakuomba uvumilivu wa kurasa chache. Nitakupitisha kwenye mlango mmoja mdogo, ule niliouingilia mimi mwenyewe: malipo ya mgonjwa yanaposimamishwa bila yeye kuambiwa.

Baba yangu mdogo aliumia nyonga kazini, na baada ya hapo akawa analipwa kila mwezi kupitia benki. Ikifika mwisho wa mwezi aliamka alfajiri, akapiga pasi shati, akachukua magongo yake na kupanda daladala hadi kwenye ATM. Mwezi mmoja akakuta salio lilelile la mwezi uliopita. Akadhani mtandao unasumbua, akarudi kesho yake. Wiki iliyofuata akaenda ofisini, akapanga foleni tangu saa mbili asubuhi, na alipofika dirishani akaulizwa swali moja: "Mzee, ulikuja kuhakikiwa?" Hakuwa na habari ya uhakiki wowote. Akaambiwa tangazo lilibandikwa. Kweli lilikuwepo, ukutani, nusu yake imefunikwa na kalenda. Ilipita miezi minne kabla malipo hayajarudi. Katika miezi hiyo daftari la Mangi pale dukani lilijaa jina lake, na mke wake akaacha kununua dawa za presha ili mgonjwa apate za maumivu.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa sheria. Haki ya kusikilizwa niliijua kama jambo la mahakamani, la mshtakiwa aliyesimama kizimbani na wakili wake pembeni. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuhukumiwa na tarakimu kwenye skrini, akiwa peke yake barabarani, bila hata kujua kwamba kesi ilikuwepo.

Historia ya mafao yenyewe nitaipita kwa haraka, kwa kuwa utaikuta katika kila kitabu cha somo hili. Ujerumani ya Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883. Mfanyakazi aliyeugua alipata nusu ya ujira kuanzia siku ya tatu, kwa wiki zisizozidi 13, na mchango ulitoka kwake theluthi mbili na kwa mwajiri theluthi moja. Wazo hilo likasambaa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, kiwango cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu katika kila miezi 12. Mizunguko haifanani, lakini anayevuka mpaka pale Namanga akiwa na homa ana sababu ya kujua amesimama upande gani. Aliyeumia kazini ana njia yake nyingine, ile ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008.

Viwango hivyo utavikariri kwa siku moja. Kigumu ni kujua kinachotokea pale ofisi inapoingiwa na shaka.

Na shaka hiyo si ya kubeza. Sote tunakumbuka habari za wafanyakazi hewa, na wastaafu waliokwisha kuzikwa huku akaunti zao zikiendelea kunenepa. Fedha za mfuko ni jasho la wanachama wengine, na afisa anayezilinda anafanya kazi ya heshima. Lakini kuchunguza kunachukua muda, na muda huo una gharama. Ofisi ina shaka, mgonjwa ana njaa. Wakati shaka inachunguzwa, nani abebe mzigo wa kungoja? Ukiniuliza sheria yote ya kusimamisha mafao inahusu nini, nitakujibu kwamba inahusu swali hilo. Ofisi ikiendelea kulipa hadi uchunguzi uishe, anayengoja ni mfuko, na ikikosea imepoteza kiasi fulani cha fedha. Ikisimamisha kwanza na kuuliza baadaye, anayengoja ni mgonjwa. Naye mgonjwa, kwa maana ya neno lenyewe, ni mtu asiyeweza kuhangaika. Dirisha, foleni, "njoo kesho", "faili lako halionekani", "kalete barua ya daktari": yote haya yametengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu na nauli.

Nenda nami Afrika Kusini, kwenye jimbo la Eastern Cape. Baada ya mwaka 1994 jimbo hilo liliunganishwa kutokana na maeneo kadhaa, yakiwemo Transkei na Ciskei, zile nchi bandia za enzi ya ubaguzi wa rangi. Kila eneo lilikuja na daftari lake la wanaolipwa posho ya ulemavu. Madaftari yalikuwa vurugu tupu, yenye majina ya marehemu na majina yaliyojirudia. Serikali ya jimbo ikachagua njia fupi: ikasimamisha malipo ya watu wengi kwa mpigo na kuwataka waombe upya, kama vile hawajawahi kuwa walemavu. Walio hai wakachanganywa na marehemu, na wengi wakajua siku ya kupokea posho ilipofika wakakosa.

Watu wanne, wa kwanza wao akiitwa Ngxuza, walikwenda mahakamani wakisaidiwa na Legal Resources Centre. Hawakutaka posho zao wenyewe tu. Waliomba ruhusa ya kusimama kwa niaba ya wote waliofanyiwa vivyo hivyo jimboni, maelfu kwa maelfu. Hapa soma kwa makini, maana ndipo utakapoona jinsi mashauri haya yanavyokwenda. Katika rufaa jimbo halikuja kutetea kwamba kukata posho kimyakimya ni halali. Lilikuja kupinga watu hao wote kusikilizwa kwa pamoja. Ukitafakari, utaona hesabu yake: kila mmoja akilazimika kuja na kesi yake, na wakili wake, na nauli yake, wengi hawatafika. Mahakama Kuu ya Rufani ilikataa pingamizi hilo mwaka 2001, na hukumu yake, iliyoandikwa na Jaji Edwin Cameron, naihesabu kati ya maandiko bora ya kisheria ya bara letu. Jaji huyo alikuwa ametangaza hadharani miaka miwili kabla kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Sidai kwamba hilo ndilo lililomwongoza. Nalitaja kwa kuwa mimi siwezi kuisoma hukumu ile bila kulikumbuka.

Marekani wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1970, katika kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly, Mahakama ya Juu ilisema kwamba msaada wa umma kwa maskini hauwezi kukatwa kabla mhusika hajapewa nafasi ya kujieleza kwa mdomo mbele ya mwamuzi. Utaratibu wa New York uliobishaniwa ulitoa notisi ya siku saba na nafasi ya kujitetea kwa maandishi. Mahakama ikasema hiyo haitoshi kwa mtu ambaye msaada huo ndio chakula chake. Miaka sita baadaye ikarudi nyuma. Eldridge, mfanyakazi wa Virginia aliyekuwa akilipwa mafao ya ulemavu, aliandikiwa kwamba ofisi inaona amepona. Akajibu kwa maandishi, malipo yakasimamishwa. Majaji sita kwa wawili wakaona utaratibu huo unatosha: ulemavu unathibitishwa kwa karatasi za madaktari zaidi kuliko kwa maneno ya mdomo, na akishinda baadaye atalipwa malimbikizo yake. Wakaweka mizani inayotumika hadi leo: uzito wa anachopoteza mtu, uwezekano wa ofisi kukosea, na gharama kwa serikali ya kuongeza hatua nyingine.

Mizani hiyo inafundishwa kila mahali, nami nitakufundisha. Lakini kwanza fungua maoni ya Jaji Brennan, aliyepinga. Humo ameandika kilichotokea nyumbani kwa Eldridge baada ya malipo kukoma: nyumba ilichukuliwa kwa deni, samani zikabebwa, na yeye, mkewe na watoto wakalazimika kulala kitanda kimoja. Malimbikizo yanaweza kulipwa baada ya mwaka. Kitanda kile hakilipiki. Kwa maoni yangu majaji sita walikosea, na sijaona hoja ya kunibadilisha.

Eldridge angalau aliandikiwa. Kwa asiyeandikiwa kabisa, shauri ninalolipenda ni la Uingereza, la mwaka 2003, la mwanamke kutoka Lithuania aitwaye Anufrijeva aliyeomba hifadhi ya ukimbizi huku akilipwa msaada wa kujikimu. Novemba 1999 wizara iliandika ndani ya faili lake kwamba ombi limekataliwa. Haikumwambia. Ikaiarifu ofisi ya mafao, na malipo yakakoma mwezi uliofuata. Yeye alikuja kupewa uamuzi wenyewe Aprili 2000. Hakuwa akidai mafao ya ugonjwa, lakini kidonda ni kilekile. Mabwana wa Baraza la Juu walio wengi, Lord Steyn akiongoza kwa hoja, walisema uamuzi wa ofisi unaomdhuru mtu hauna nguvu ya kisheria mpaka atakapoarifiwa, au mpaka pale atakapokuwa amepewa nafasi ya kweli ya kuujua. Yaani kilichoandikwa failini kikabaki humo ni wino tu. Kwa mujibu wa hoja hiyo, taarifa si adabu ya ofisi. Ni sehemu ya uamuzi wenyewe, kama sahihi ilivyo sehemu ya hundi.

Mwaka 2020 mahakama ya huko huko ikaongeza jambo. Mgonjwa aliyeonekana ana uwezo wa kufanya kazi alilazimishwa kuomba ofisi ipitie upya uamuzi wake kabla ya kuruhusiwa kukata rufaa, na wakati huo wote alikuwa halipwi. Mahakama ikasema hilo linamzibia njia ya kufika mbele ya hakimu. Wasomaji wetu walioko Leicester au Reading, wanaoamka usiku kwenda kutunza wazee wa wenyewe mpaka migongo ikachoka, hili linawahusu moja kwa moja.

Nasi hapa nyumbani tuna nini mkononi? Tunacho zaidi ya tunavyodhani. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Tafadhali usiyapite haraka maneno hayo mawili, chombo kingine. Hayasemi jaji peke yake. Kenya imekwenda mbele zaidi: ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inadai sababu zitolewe kwa maandishi pale haki ya mtu inapoguswa na uamuzi wa kiutawala, na sheria ya mwaka 2015 imefafanua namna. Kimataifa upo Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952: kifungu cha 69 kinataja hali zinazoruhusu malipo kusimamishwa, udanganyifu ukiwemo, na cha 70 kinampa mdai haki ya rufaa. Ila rufaa huja baada ya njaa kuanza, ndiyo maana nakushikilia kwenye taarifa ya kabla.

Kwa hiyo unapoanza kusoma mashauri haya, usianze na kifungu. Anza na kalenda. Siku gani ofisi iliamua? Siku gani malipo yalikoma? Siku gani mhusika alijua, na alijua kwa njia gani: barua, meseji, mjumbe wa nyumba kumi, au salio? Zipange tarehe hizo kwa mstari mmoja, utashangaa ni mara ngapi kesi nzima imekaa katikati ya ya kwanza na ya mwisho.

Baba mdogo alituachia bahasha ya kaki. Ndani yake mna vyeti vya hospitali, picha ya eksirei ya nyonga, nakala ya fomu iliyopigwa mhuri mara mbili, tiketi za daladala, na risiti za ATM ambazo wino wake umefifia mpaka zimekuwa karatasi nyeupe. Siku ya kwanza ya muhula huipitisha darasani mkono kwa mkono, nikawaomba wanafunzi waniambie ni karatasi ipi haimo.