Mama Asiyejua Kuandika Naye Ana Kitabu



Mwezi huu tunaongea juu ya vitabu vya mapishi vya Marekani. Mtasema, hawa walimu wamekosa habari? Sufuria yenyewe tunaitafutia cha kuweka ndani, kitabu ni cha nini? Subirini kidogo. Kati ya vitabu vyote vya mapishi vinavyojulikana vya wanawake weusi wa Marekani, cha zamani zaidi kiliandikwa na mama aliyekimbia vita. Kwa hiyo habari hii inatuhusu.

MAMA ALIYENYANG'ANYWA

Jina lake Malinda Russell. Alizaliwa Tennessee, kusini mwa Marekani, na hakuwa mtumwa. Mume wake alikufa mapema, akabaki na mtoto mmoja mwenye ulemavu wa mkono. Akapika keki, akauza, akaweka akiba. Mwaka 1864, wakati Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe, watu wenye silaha walimvamia, wakachukua pesa zake na kumtishia maisha. Akakimbilia kaskazini, jimbo la Michigan. Hadithi ya namna hii, nani kati yetu haijui?

Mwaka 1866, akiwa katika mji mdogo wa Paw Paw, alichapisha kitabu chake, A Domestic Cook Book. Ni kidogo, kurasa 39 tu, lakini kina mapishi zaidi ya 250, mengi ya keki na vitu vitamu. Alitaka apate pesa za kurudi kwao akafuatilie mali yake. Mikono ilikuwa mitupu, lakini yale aliyoyajua hakuna mwizi aliyeweza kuyabeba. Tena hakumsahau mwalimu wake: aliandika kwamba upishi alifundishwa na mama mwingine mweusi, Fanny Steward wa Virginia.

Kitabu kile kilisahauliwa zaidi ya miaka 100. Leo inajulikana nakala moja tu ya chapa ya kwanza, iko Chuo Kikuu cha Michigan. Moja! Ingeungua hiyo, leo tusingekuwa na la kuwasimulia.

MAMA ALIYESEMA, WENGINE WAKAANDIKA

Wa pili ni Abby Fisher. Alizaliwa utumwani South Carolina, baadaye akahamia San Francisco, na mwaka 1880 vyakula vyake vilipata medali kwenye maonyesho ya mji ule. Hakujua kusoma wala kuandika, na mume wake vilevile. Mwaka 1881 alikaa akasema, watu wengine wakaandika, kikatoka kitabu cha mapishi 160, What Mrs. Fisher Knows About Old Southern Cooking. Mwisho kabisa aliweka chakula cha mtoto mchanga, akaeleza kwamba amezaa watoto 11 na wote aliwalea kwa hicho.

Lakini walioandika waliandika kama walivyosikia. Kule kuna chakula cha mahindi na maharage pamoja, kama impungure yetu, kinaitwa succotash. Wao waliandika "circuit hash". Wali wa nyama uitwao jambalaya ukawa "jumberlie". Mpaka leo watu wanacheka.

MTOTO WA KAMBI

Wa tatu ni wa wakati wetu. Hawa Hassan alizaliwa Mogadishu, akakimbia na familia yake mpaka kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Mwaka 1993, akiwa na miaka 7, alipelekwa Seattle bila mama yake. Mama na ndugu zake wakaenda Norway, na miaka 15 ikapita kabla hawajaonana tena. Mwaka 2020, pamoja na Julia Turshen, alitoa kitabu In Bibi's Kitchen, mapishi ya mabibi kutoka nchi 8 za upande wa Bahari ya Hindi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Komoro. Neno letu "bibi" liko kwenye jalada la kitabu cha Marekani.

NA SISI JE?

Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Aliyezaliwa pale mwaka ule leo ni mzazi. Kwa miaka mingi chakula cha kambi kilikuwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Lituma, mashanza, mikeke ya kuchoma, anavisikia kwa wazee tu. Watoto wa Kigali wanakula sombe iliyotwangwa tayari kutoka soko la Kimironko, lakini wangapi wanajua kwamba majani mabichi ya muhogo yana sumu, na lazima yatwangwe na kuchemshwa sana? Wengine wako Marekani, wanapiga simu: mama, mawese naweka saa ngapi? Siku mama hayupo, watamwuliza nani?

Basi tufanye hivi:

1. Mtoto wa darasa la tano na zaidi achukue daftari, akae jikoni. Mama apike kabisa, asielezee tu.

2. Mama akisema "chumvi kidogo", mtoto apime kwanza kabla haijaingia kwenye sufuria. Aandike kwa vipimo vyetu: kikombe, kiganja, kopo la Guigoz.

3. Jina la chakula liandikwe kwa lugha ya nyumbani. Halafu mtoto amsomee mama yote, arekebishe. "Circuit hash" isitupate.

4. Andika nani alimfundisha mama, na kijiji gani.

5. Tengeneza nakala mbili, moja ikae kwa ndugu wa mbali.

Wababa msijifiche. Wewe uliyekuwa unachoma samaki kule Uvira kando ya ziwa, daftari linakungoja pia.

Asiyekuwa na mtoto wa shule aje darasani kwetu baada ya masomo. Yeye ataongea, sisi tutaandika. Tunaomba mwanze na wazee kwanza, wiki hii hii, maana wao hawatungoji.